Sufuria Niliyoogopa Kuifunua

Goma, Jumapili, baada ya misa ya pili

Masika wangu, mama wa Paluku,

Kama umesimama, keti kwanza. Kama Paluku yuko mgongoni, mshushe umpe kitu cha kuchezea, ndipo uendelee kusoma. Nataka sana kujua hali yako. Tumbo linakwendaje, miguu bado inavimba jioni, na je, mama anakukataza kuteka maji kama nilivyomwomba? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya hapa unaijua, na vumbi jeusi la mawe ya mlima bado linaingia chini ya mlango hata nikiziba kwa gunia. Ninapika mwenyewe. Maharagwe yangu yanaungua mara nyingi kuliko yanavyoiva, na jirani yetu muuza sabuni ananicheka kila akisikia harufu. Anasema mwanamume akiachwa miezi mitatu anajua thamani ya mke. Mimi niliijua tangu wiki ya kwanza.

Namshukuru Mungu kwamba masista walikufundisha kusoma. Barua hii nisingependa usomewe na mtu mwingine.

Baba yako yuko njiani kurudi nyumbani. Hajafa wala haumwi, usishtuke. Ameachishwa kazi kwa yule daktari wa meno, na karatasi iliyomwachisha ina mwandiko wangu. Alipanda kamiyo jana, lile lori linaloshusha mizigo Rutshuru kisha linapitia Vitshumbi kuchukua samaki, kwa hiyo sidhani kama atafika kabla ya Alhamisi. Barua hii inaondoka kesho na gari la misheni, lisilosimama ovyo, nami nimelikimbilia makusudi ili ikutangulie. Nitakueleza yote tangu mwanzo. Ukifika mwisho utaamua mwenyewe umeolewa na mtu wa namna gani.

Kazi yangu unaijua. Ninamfuata Bwana wa afya, yule kijana Mbelgiji mwenye miwani. Tunapita kwa waoka mikate, kwa wachinjaji, kwenye kambi za wafanyakazi. Yeye anauliza kwa Kifaransa, mimi ninauliza kwa Kiswahili, kisha ninaandika majibu kwenye daftari. Miezi minne iliyopita, wewe ukiwa bado hapa, tulitumwa kukagua nyumba ya daktari wa meno kule karibu na ziwa. Nilijua tangu asubuhi kwamba nitamkuta baba yako kazini, na utakumbuka kwamba siku ile nilivaa shati la harusi, ukanitania kwamba nakwenda kuoa wa pili.

Sijapata kukueleza nyumba ile ilivyo ndani. Mbele kuna chumba cha Wazungu. Kuna kiti kinachopanda na kushuka kwa kukanyagwa, taa kubwa ya kummulikia mtu kinywani, na kabati la vioo. Kazi kubwa ya yule daktari ni kunyoosha meno ya watoto wa walowezi. Meno yakiota yamepishana anayafunga kwa waya mwembamba, na kila baada ya wiki kadhaa anaukaza, mwaka mzima, hata miaka miwili, mpaka yakae mstari mmoja. Nilimwona msichana mmoja akicheka, kinywa chote kinang'aa kama baiskeli mpya. Nikauwaza mwanya wako. Yule bwana angekuona angekuhurumia, angeufunga kwa waya, na mimi ningebaki bila kitu kilichonisimamisha pale sokoni siku ile nikasahau nilichotumwa. Koleo za kazi hiyo ya waya zinawekwa ndani ya sanduku la chuma la umeme, linalochemsha maji kwa nguvu, na mke wa daktari mwenyewe analisimamia akiwa na saa mkononi.

Nyuma ya nyumba kuna banda. Hapo ndipo wanapong'olewa meno watu wetu, siku za soko, Jumanne na Ijumaa. Kiti cha kupanda na kushuka hakuna, kuna benchi. Na hapo ndipo alipokuwa baba yako, na mbabula yake, jiko la makaa, na sufuria ya vyuma. Unajua alivyoingia katika kazi ile. Alikuwa mpishi wao, daktari akamwambia kwa kuwa anajua moto basi achemshe na koleo za banda. Ukutani palibandikwa karatasi ya Kifaransa inayosema dakika ngapi, na baba yako hasomi hata lugha yetu. Alikuwa akiipangusa vumbi kila asubuhi.

Alinipokea kwa heshima zote. Niliinamisha kichwa kama inavyompasa mkwe, nikasimama kando, sikumtazama usoni. Sufuria ilikuwa juu ya mbabula, imefunikwa, na juu ya kifuniko kitambaa cheupe kimekunjwa pembe kwa pembe. Bwana wa afya alikuwa ameitwa mbele kuonyeshwa mashine mpya, akaniachia orodha yake: uliza kama vyuma vinachemshwa baada ya kila mgonjwa, funua, tazama, andika. Pamba chafu inatupwa wapi, niliuliza. Mikono inaoshwa wapi, niliuliza. Chupa za dawa zina majina, nilizitazama moja moja. Kisha nikafika kwenye sufuria.

Niliuliza kama mkwe anavyouliza, macho yangu yakiwa mlangoni.

"Papa, hivi vyuma, munavichemushaka kila mara?"

"Moto iko, maji iko," alisema. "Inachemuka, mutoto wangu."

Masika, wewe unajua. Kwetu mume wa binti hafunui sufuria ya ukweni. Njaa imuume vipi, anangoja afunuliwe. Tangu siku niliyokuja kuposa sijagusa kifuniko mbele ya baba yako wala mama yako, na mkono wangu ulikumbuka hivyo kabla ya kichwa. Nilikuwa na orodha ya serikali, nilikuwa na kofia ya serikali, lakini niliona aibu kana kwamba nimeambiwa nivue nguo. Nikaandika: vyuma vinachemshwa, sawa. Bwana wa afya alirudi, akasoma, akatia sahihi. Baba yako akatukaribisha chai, nikainywa kwa furaha kwamba siku imepita bila kumvunjia mtu heshima.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Alhamisi, alikuja ofisini mtu wa Kibumba anayeitwa Bizimana, mkulima wa viazi. Alikuwa ameshuka kwa miguu, suruali imelowa umande mpaka magotini. Mke wake, Konsolata, alikuwa wa rika lako. Alishuka na kikapu cha viazi siku ya soko, jino likamsumbua, akapita kwenye lile banda akang'olewa, akarudi nyumbani akiwa ameshika shavu kama watu wote. Baada ya siku tatu taya lilivimba, shingo ikawa ngumu, kinywa kikakataa kufunguka. Walimleta hospitali kwenye machela, wamechelewa. Ameacha mtoto anayenyonya.

Nilidhani yule mtu atapiga kelele. Hakupiga.

"Bibi yangu alitokaka nyumbani na jino moja tu ya kuuma," alisema. "Mi sikuye kugombana na mutu. Minauliza tu: ile chuma banamutosha nayo jino, nani anaioshaka?"

Bwana wa afya aliniambia nitafsiri, nikatafsiri. Akafungua daftari, akautafuta ukurasa wangu, akaniambia nimweleze kwamba nyumba ile ilikaguliwa na ilikuwa sawa. Hayo nayo nilitafsiri. Nilimwambia mfiwa kwa kinywa changu kwamba mambo yalikuwa sawa, naye akaniamini. Aliinama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumjibu vizuri, akaenda zake.

Usiku ule nilimwona akilini Konsolata yule ambaye sikumjua, na kila nilipomwona alikuwa na sura yako. Asubuhi yake nilimwambia Bwana wa afya turudi kule leo hii hii, bila kuwapa habari, kwa sababu ni Ijumaa na banda lina watu. Aliuliza kwa nini. Nikasema ile mara ya kwanza sikufunua sufuria. Akauliza tena kwa nini. Nilimweleza, na kadiri nilivyoeleza kwa Kifaransa jambo lenyewe lilizidi kuonekana la kitoto, mtu mzima kuogopa kifuniko. Hakucheka. Alichukua kofia yake tukatoka.

Banda lilikuwa limejaa. Kwenye benchi watu wamebanana, kila mmoja na shavu lake mkononi. Baba yako alituona akasimama mbele ya mbabula. Nilimsalimu. Kisha nikamwambia, safari hii nikimtazama:

"Papa, munisamehe. Leo nitafunua."

Alisogea kando.

Makala yalikuwa yamekwisha kuwa majivu. Niliingiza kidole majini, yalikuwa uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Ndani mlikuwa na koleo mbili, na pale zinapopindia, kwenye msumari wa katikati, damu imekauka ikawa nyeusi. Haikuwa damu ya yeyote kati ya wale waliokaa kwenye benchi. Chini ya sufuria kulikuwa na kutu laini.

"Asubui ilichemuka," baba yako alisema polepole. "Maji ikisha kuchemuka, imechemuka. Kisha naiweka pembeni ikae na joto, sawa vile chakula. Makala banatupaka kopo moja ya siku nzima."

Hapo nilimwelewa. Alivitunza vyuma vile kama alivyotunza chakula cha wageni miaka yake yote. Kikiiva kimeiva, kazi iliyobaki ni kukifunika vizuri kisipoe. Hakuwa mvivu, hakuwa mtu mbaya. Waliomkabidhi hawakumfundisha. Mimi nilifundishwa, tena yeye ndiye aliyenisemea kwa padri nikapata nafasi ya kusoma, nami nilipita mbele ya sufuria yake nikanywa chai.

Daktari aliingia, mikono bado ina povu. Alisema alikwisha kuagiza vyuma vichemshwe baada ya kila mgonjwa, karatasi iko ukutani, na kama boyi hasikii yeye afanye nini. Baba yako hana Kifaransa cha kujibu maneno kama hayo, akabaki amesimama na kitambaa chake cheupe. Nilijibu mimi. Nilisema karatasi ni ya mtu anayesoma. Nilisema makala ni kopo moja. Nilisema mbele kuna sanduku la umeme ambalo leo halina kitu ndani, kwa sababu watoto wa waya wanakuja Jumatano. Daktari aliniuliza mimi ni nani hata niseme hivyo nyumbani kwake, nikasema mimi ni msaidizi wa afya, na mzee huyu ni baba wa mke wangu.

Karatasi iliandikwa pale pale. Bwana wa afya aliandika kwamba banda lifungwe mpaka lisafishwe, kwamba vyuma vya kila mtu, mweupe kwa mweusi, viingie sanduku moja, kwamba daktari ameonywa. Yote hayo ni mazuri, na nasikia sasa yanafuatwa. Kisha akaandika kwamba mtumishi wa kuchemsha vyuma aondolewe. Nilimwomba aongeze kwamba mkaguzi wa kwanza hakufunua sufuria, na anitaje mimi. Alikataa. Alisema maneno hayo yakifika juu watafukuzwa wawili badala ya mmoja, na wa tatu atakuwa yeye mwenyewe, kwa kuwa sahihi ni yake. Akanisukumia kalamu.

"Jina la mzee liandike wewe," alisema. "Mimi nitalikosea."

Jina la baba yako, ambalo kwetu ni mwiko kwa mkwe, sijalitamka hata siku moja, wala usiku peke yangu. Mara ya kwanza ya kulitumia ilikuwa ile. Niliandika herufi moja, nikangoja, nikaandika nyingine. Yeye alikuwa amesimama hatua mbili kutoka mezani anaitazama kalamu. Hasomi, lakini alijua.

Jumapili iliyopita nilipanda Kibumba nikamtafuta Bizimana. Nilimkuta shambani anapalilia viazi, na mama yake kivulini anamnywesha mtoto maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Nilimwambia kila kitu, kwamba kosa lilianza kwenye macho yangu kabla ya kufika kwenye sufuria. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Wewe njo ulinambia iko sawa," alisema.

"Njo mimi."

Akarudi kupalilia. Nilisimama pale nikingoja tusi au pigo, na ningelipokea. Hakikuja kitu. Yule bibi kizee aliniashiria kwa mkono niende, kwa sababu mtoto alikuwa anasinzia na viatu vyangu vilikuwa na kelele kwenye mawe. Nilishuka mpaka Goma kwa miguu, kamiyo mbili zikanipita, sikuzisimamisha.

Siku zote hizo baba yako hakuja chumbani kwetu. Alilala kwa watu wa kwetu, wale wa Lubero, na mimi sikuthubutu kumfuata. Jana asubuhi nikasikia anaondoka, nikakimbia mpaka mahali kamiyo zinapopakia. Alikuwa amekwisha kupanda juu ya magunia. Aliponiona alishuka, na kushuka kwake kulikuwa kwa mzee kweli, mguu mmoja unatafuta chini kama haupo. Akanipeleka pembeni, akanisemesha akinitazama machoni. Tangu nikuoe alikuwa hajafanya hivyo.

"Ulifanya muzuri kufunua," alisema. "Lakini ungelifunua ile siku ya kwanza, mutoto wangu. Ningelikasirika, ndiyo. Ningelikasirika wiki moja, ao mwezi. Na ule mwanamuke angelikuwa nanyonyesha mutoto wake leo."

Nililia mbele yake, Masika, mbele ya wapakiaji na wauza ndizi. Yeye hakulia. Alingoja mpaka nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Kwa nyumba nitasema miguu imechoka," aliniambia mwishoni. "Wewe utasema yenye utaona."

Ndiyo hayo niliyoyaona. Nimekuambia kwa sababu watu wa kwetu waliopo hapa ni wengi, na wengine watakuja huko na habari wakiwa wameongeza chumvi. Watasema mkwe alimuuza mzee ili apandishwe cheo. Sikupandishwa. Watasema mzee aliua mtu. Hakuua peke yake. Mimi ndiye niliyetumwa na macho nikayaacha nje. Karatasi haisemi hivyo wala haitasema, kwa hiyo nataka pawe na mtu mmoja duniani anayejua kwa mwandiko wangu, na mtu huyo awe wewe.

Kuhusu mimi na wewe, sitakusukuma. Ukiona huwezi kurudi kulala chumba kimoja na mkono ulioandika jina la baba yako, nitasikitika mpaka mifupani lakini sitatuma wazee kukulazimisha. Ukiona unaweza, nitumie neno baada ya kujifungua, nije kukuchukua mwenyewe, na nitaingia kwenu kwa mlango wa mbele nikijua ninavyotazamwa. Ninakuogopa sasa kuliko nilivyokuogopa siku ya posa. Ninakupenda vilevile.

Ndani ya gunia dogo alilonalo sista anayekuletea barua hii utakuta sabuni, kitambaa cha mtoto anayekuja, na chumvi ya mama. Umsalimu sana mama mkwe wangu, umwambie nampigia magoti kwa mbali. Umsalimu kaka yako mkubwa, yule wa kahawa, na kama atanikasirikia usimzuie. Umsalimu katekista aliyetufundisha ndoa, shangazi yangu anayekaa nyuma ya kanisa, na mkunga, umwambie nakuweka mikononi mwake. Mbusu Paluku kwenye kisogo, pale anapocheka.

Baba yako akifika, usimwulize kitu, wala usimwonyeshe kwamba barua ilimtangulia. Akisema ni miguu, mwache iwe miguu. Pasha maji, uioshe.

Mimi mumeo, mpaka utakaponiambia vingine,

Kambale